Kibarua na Haki Yake: Uadilifu wa Mwajiri na Utulivu wa Mfanyakazi wa Muda



Katika wilaya za Handeni na Korogwe, nyumba nyingi hupata mkate wake wa kila siku kwa kibarua. Wapo wakata mkonge, wahudumu wa korona, waanika singa, wapakiaji wa magari, wajenzi na walinzi. Wengi wao huajiriwa kwa siku, kwa wiki au kwa msimu. Mada hii inahusu swali moja: kwa nini kibarua mmoja huitwa kazini akaenda kwa moyo mkunjufu, na mwenzake mwenye ujira uleule akaenda kwa uchungu? Jibu, kwa sehemu kubwa, limo katika uadilifu wa anayeajiri.

Jambo hili si geni katika ardhi hii. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, na mashamba yakaenea kandokando ya reli ya Tanga. Wenyeji hawakutosha kwa kazi hiyo, wala wengi hawakuipenda, hivyo watu waliletwa kutoka mbali: Songea, Kigoma, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Hao ndio waliojulikana kwa jina la manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuwasaka, iliyoitwa SILABU. Mfanyakazi alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa, na mshahara ulisubiri hadi kadi ijae.

Kipande kilimuumiza mfanyakazi kwa sababu ya ujira mdogo, na pia kwa sababu hesabu yote ilikuwa mkononi mwa upande mmoja. Msimamizi ndiye aliyepima kazi, ndiye aliyeandika siku, na mfanyakazi hakuwa na pa kulalamikia. Ndiyo maana madai ya miaka ya 1950 hayakuishia kwenye shilingi. Katika mgomo mkubwa wa Mazinde mwaka 1958, mvutano ulihusu nani awasemee wafanyakazi: kamati zilizoundwa ndani ya mashamba au chama chao wenyewe. Watu walitaka ujira, na walitaka vilevile kusikilizwa.

Leo kipande hakipo, lakini maswali yake hayajaondoka. Kibarua bado hujiuliza: Je, siku zangu zimehesabiwa sawasawa? Nitalipwa lini? Kesho nitaitwa? Nikiumia, nani atanitibu? Asiyekuwa na majibu ya maswali hayo hawezi kuridhika na kazi, hata akilipwa vizuri kwa siku moja. Hawezi kupanga ada ya mtoto, hawezi kukopesheka dukani, na humwogopa msimamizi kuliko anavyoipenda kazi.

Ieleweke kwamba ajira ya muda si uovu. Mazao yana misimu, na ujenzi huisha. Mwajiri anayesema tangu mwanzo, "Kazi hii ni ya wiki sita, ujira ni kiasi hiki, malipo ni kila Jumamosi," kisha akatimiza, amemtendea haki mfanyakazi wake. Ahadi ni deni. Tatizo ni ajira inayoitwa ya muda ilhali mtu yuleyule hufanya kazi ileile miaka na miaka, akisimamishwa kila baada ya miezi michache ili asihesabike. Hapo neno "muda" limekuwa pazia la kuficha haki.

Sheria imeliona pazia hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, humtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu aina ya kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali, saa za kazi na ujira. Asiyeyaelewa maandishi hayo ana haki ya kufafanuliwa kwa namna atakayoielewa. Mgogoro ukifika mbele ya vyombo vya sheria na mwajiri asiwe na maandishi hayo, ni juu yake kuthibitisha masharti, si juu ya kibarua.

Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa kwa nyongeza ya nusu ya ujira wa kawaida, yaani mara moja na nusu. Likizo ya mwaka yenye malipo ni siku 28. Asiyefikisha miezi sita kazini kwa kawaida haipati, lakini sheria imewatenga watu wawili: mfanyakazi wa msimu, na yule aliyeitwa zaidi ya mara moja na mwajiri yuleyule ndani ya mwaka, ikiwa jumla ya muda wake imezidi miezi sita. Kumsimamisha mtu mwezi wa tano na kumrudisha wa saba, basi, hakufuti miezi aliyokwisha kuitumikia.

Hata kuachishwa kuna utaratibu. Baada ya mwezi wa kwanza, anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki hustahili notisi ya siku 4, na wa mwezi siku 28. Aidha, Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, imeweka vigezo vya kumtambua mfanyakazi hata asipoitwa kwa jina hilo. Kimojawapo ni kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.

Kuhusu ajali, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, na si halali kumkata mfanyakazi hata senti kwa ajili hiyo. Aliyechomwa na mwiba wa mkonge jichoni au kukatwa na mashine atoe taarifa mapema. Ikipita miezi 12 bila taarifa, haki inaweza kupotea.

Pamoja na hayo, sheria haiwezi kuwa mahali pote. Nyapara anayetaka "chochote" ili aandike jina la mtu, au anayedai mwili wa binti ili ampe kibarua, hatendi ukorofi mdogo wa kazini. Anatenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Taarifa hupelekwa TAKUKURU, na simu 113 haina malipo. Kampuni inayonyamazia tabia hiyo haiwezi kujitetea kwamba mkosaji ni nyapara tu, maana wafanyakazi huisoma tabia ya kampuni katika mtu wanayemwona kila asubuhi.

Waajiri nao wanayo faida katika uadilifu. Tazameni mkonge wenyewe. Mkataji anayejua kwamba mwakani atakuwa shambani hapo huacha majani machanga yakomae. Anayelipwa kwa matita tu, asiyejua kama kesho ataitwa, hushawishika kukata hadi ya juu ili atimize idadi. Mmea hudhoofika, na hasara humrudia mwenye shamba. Kibarua asiyethaminiwa huondoka na ujuzi wake, na mwajiri huanza kufundisha upya kila msimu.

Wananchi wa Masuguru wanashauriwa mambo matatu. Kwanza, kila kibarua awe na daftari lake la kuandika tarehe, kazi aliyofanya na kiasi alicholipwa. Pili, wajiunge na chama cha wafanyakazi, kwani mtu mmoja akidai huitwa mkorofi, lakini wengi wakidai huitwa mezani. Tatu, wasichelewe. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Wengi wenye haki hushindwa kwa sababu tu walisubiri kuitwa tena.

Manamba walijaza kadi ambazo hawakuwa na uwezo wa kuzihoji. Wajukuu wao wanao uwezo huo, na daftari la shilingi mia chache linatosha kuanzia.