Mzazi akihama na mtoto

Msikilizaji, tufikirie hili. Wazazi wameachana Beni, mashariki mwa DRC, mtoto akabaki na mama. Mama, kwa kuchoka na mauaji yanayoendelea tangu 2014, anahamia naye Butembo, kilomita zaidi ya 50. Papa analalamika: amenyang'anywa mtoto.

Uchungu wake ni wa kweli. Nauli ni kubwa, barabara ina hatari, na kwa desturi ya Wanande wa eneo hilo mtoto ni wa ukoo wa baba. Lakini, na hili nalisema wazi, mama anayekimbia risasi hajaiba mtoto. Sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inatanguliza faida yake, tena mtoto mwenye kupambanua ana haki ya kusikilizwa. Katika familia zetu, nani amemuuliza?