Tupime Kabla ya Kuuza

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)

Ajenda ya saba yahusu kompyuta za mezani zilizofungiwa stoo, ambazo inapendekezwa ziuzwe kama vyuma chakavu kwa sababu hazionyeshi picha. Mimi ni mtumishi wa serikali, na katika kamati za kufuta mali nimeona mara nyingi kifaa kizima kikiandikwa kibovu. Hivyo nina machache ya kusema kabla hatujapiga kura.

Kukosa picha si ugonjwa mmoja. Huenda ni kadi ya picha, kile kipande kinachochomekwa kwenye madabodi na kupeleka picha kwenye skrini. Huenda pia ni draiva, yaani programu inayoifahamisha Windows namna ya kuitumia kadi hiyo. Kadi bila draiva ni kama lori bila dereva: lipo, lakini mzigo haufiki. Basi washeni, mtazame. Picha ikionekana mwanzoni kisha ikapotea Windows inapoanza, shukuni draiva kwanza. Isipoonekana kabisa, kagueni waya na skrini, ndipo mfikie kadi.

Kadi ikiwa mbovu, kuibadilisha si uganga. Kwanza, kama mashine bado inafunguka, ondoeni draiva ya zamani. Pili, zimeni, chomoeni plagi, kisha gusieni chuma cha kasha ili kuondoa umeme wa mwilini, ambao waweza kuharibu vipande vya ndani. Tatu, fungueni skrubu, achieni kibano cha tundu, mwivute kadi taratibu. Ile mpya ikandamizeni mpaka ikae sawasawa, mkaze skrubu. Nne, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi mpya, si kwenye madabodi. Mwisho, wekeni draiva inayotolewa na mtengenezaji wa kadi hiyo, mwashe upya.

Katika kununua, yako mambo mawili. Tundu la kadi hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayotaka zaidi huhitaji waya wake kutoka pawasaplai, na kompyuta nyingi za ofisini hazina waya huo. Tena, ulizeni kama draiva zake bado zinatengenezwa. Kadi za NVIDIA za kizazi cha Kepler, kilichoanza mwaka 2012, zilikoma kupata draiva za kawaida mwaka 2021, na marekebisho ya usalama yakaishia Septemba 2024. Kadi ya namna hiyo, hata ikiwa rahisi, itatugharimu baadaye.

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza azimio la kuuza lisubiri. Wanafunzi wa kidato cha tatu, wakisimamiwa na mwalimu wao, wazipime mashine moja moja na kuandika taarifa ya kila moja. Zitakazoshindikana, na ziuzwe. Mimi nitatoa bisibisi na kadi moja nzima ya kupimia. Wakati wetu shule hii haikuwa na kompyuta hata moja; si haki tuziuze hizi kabla vijana hawajazifungua.