Nani Anywe Kwanza?
Hotuba kwa wanaharakati na waumini kuhusu haki ya maji



Tumezoea kusema kwamba uhaba wa maji ni shauri la Mungu. Mvua ikikosa, twafunga na kuomba, ikinyesha, twasahau. Hatuipingi sala. Baina ya mwaka 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya, na hakuna serikali iwezayo kuyaamuru mawingu. Lakini nani anywe kwanza maji yanapopungua, hilo huamuliwa na wanadamu. Na lililoamuliwa na wanadamu, wanadamu wana haki ya kulihoji.

Utazameni mto Ewaso Ng'iro. Vijito vyake, kama Naro Moru na Nanyuki, hushuka kutoka Mlima Kenya, hupita kando ya mashamba ya maua na mboga, kisha mto huelekea Samburu na Isiolo hadi kinamasi cha Lorian. Wakati wa kiangazi, kila bomba la juu huchukua fungu lake, halali na haramu. Imetokea mto kukauka kabla ya kufika Archer's Post. Mama wa huko hufukua mchanga kutafuta ndoo moja, na wafugaji hupanda juu na mifugo yao kuyafuata maji. Hapo ndipo ugomvi huanza, nasi huuita ugomvi wa makabila.

Je, sheria haipo? Ipo. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 yasema kwamba maji ya matumizi ya nyumbani yatangulie matumizi mengine yote. Vyama vya watumiaji wa maji ya mito vilitambuliwa na Sheria ya 2002, na vingine katika eneo hilo vilianzishwa na wananchi hata kabla yake. Kwa hiyo upungufu wetu si wa vifungu. Ni wa uwazi na wa ujasiri.

Tuanze kwa kujikosoa. Sisi mawakili tumewaandikia maombi ya vibali wale walioweza kutulipa. Ni mara ngapi tumemwandikia pingamizi mtu wa chini ya mto? Na sisi waumini, ikiwa kanisa letu lina pampu mtoni, je, lina kibali? Hatuwezi kumkemea tajiri kwa kosa ambalo twalitenda kimyakimya.

Twadai mambo matatu. Kwanza, orodha ya vibali vya kila mto, pamoja na kiasi cha maji kilichoruhusiwa, ibandikwe hadharani, katika ofisi ya chifu na katika milango ya makanisa na misikiti. Ibara ya 35 yatupa haki ya kupata habari hizo. Pili, mwenye kumwagilia shamba kubwa akinge maji ya mvua za masika na kuyahifadhi bwawani, auachie mto wakati wa kiangazi. Tatu, ratiba ya mgao itungwe kabla ya ukame, katika mkutano ambao watu wa chini wana viti na kura, si barua za mwaliko tu.

Tulipopigania vyama vingi, tulisema kwamba mamlaka yasiyohojiwa huharibika. Mto nao ni mamlaka: ashikaye maji ameshika uhai wa wenzake. Basi chama cha mto wenu kitakapoitisha mkutano, nendeni. Ulizeni vibali viko wapi, na msitoke mpaka mmejibiwa. Na mkaao juu, kabla ya kufungua bomba, mkumbukeni yule mama afukuaye mchanga. Yeye pia ni jirani yenu.