Damu Yetu Ipimwapo Kazini
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme machache juu ya kupimwa damu kazini. Wengi wetu tumepata kusikia wazee wakinong'ona khabari za mumiani kila waonapo sindano. Neno hilo lisitushughulishe: mtu mzima ana damu yapata lita 5, nayo itolewayo kwa kupimwa haizidi sana vijiko viwili vya chai.

Hutafutwa nini? Kwanza wekundu wa damu, ambao ndio uchukuao hewa safi mwilini. Ukipungua, mtu huchoka upesi, naye huitwa mvivu bure. Kisha sukari. Kiko kipimo kionyeshacho hali ya sukari kwa miezi yapata 3 iliyopita, maana chembe nyekundu huishi siku kama 120, na sukari huzigandama. Basi ajinyimaye chai siku moja kabla ya kupimwa hamdanganyi mganga. Watengenezao betri hutafutiwa madini ya risasi damuni. Sisi makarani hayatuhusu. Na huko Kenya, sheria ya mwaka 2006 yakataza mtu kushurutishwa apimwe virusi vya UKIMWI ili apate kazi au abaki kazini.

Lakini neno lililonileta hapa ni bahasha. Miaka kadhaa iliyopita, katika afisi moja, majibu yaliletwa mezani pangu, bahasha hazikufungwa. Niliyasoma. Nikamwambia mwenzangu mmoja tu kwamba fulani ana sukari. Kufika saa sita hata matarishi walijua. Yule ndugu hakunena kitu. Mwaka uliofuata, siku ya kupimwa, aliomba ruhusa; na mwaka wa pili vivyo hivyo. Alipokwenda hospitali, kidonda cha mguuni kilikuwa kimekwisha kuoza, akakatwa mguu. Nilikwenda kumtazama. Alinikaribisha kwa adabu, akaniuliza khabari za kazi.

Mabwana, bahasha hizo hupita mikononi mwetu. Kwa hiyo naomba Chama kiwaandikie wakuu wa idara, majibu yafungwe kwa lakiri, apewe mwenyewe mkononi, na mkuu wake aambiwe tu kama aiweza kazi yake au haiwezi. Barua nimekwisha kuiandika; iko kwa Bwana Katibu, yangoja sahihi zenu.