Lugha ya Mswada wa Kihandisi: Kutoka Maabara hadi Jaridani

Mihadhara ya taaluma za Kiswahili kwa kawaida huzungumzia fasihi, sarufi, historia ya lugha au sera yake. Mswada wa makala ya kihandisi haumo katika orodha hiyo, na huenda wapo watakaouliza mwanaisimu ana shughuli gani na zege, nyaya na mitambo. Jibu ni kwamba mhandisi akishamaliza kupima, kinachobaki mezani pake ni maneno. Mhariri wa jarida haioni mashine wala haligusi zege. Anachokiona ni sentensi, majedwali na michoro, na kwa hivyo tu ndivyo atakavyoamua. Jaribio zuri laweza kurudishwa kwa sababu maelezo yake hayakusema lilifanywaje, au kwa sababu kitenzi kimoja kilidai zaidi ya kile kilichopimwa.

Makala za kitaalamu hazikuzaliwa na umbo zilizo nalo leo. Philosophical Transactions, jarida lililoanzishwa London mwaka 1665 chini ya uhariri wa Henry Oldenburg, lilijaa barua. Mtaalamu alimwandikia mwenzake kwamba siku fulani alifanya hivi, akaona hivi, akashangaa. Taratibu simulizi hiyo ilivuliwa nafsi na kugawanywa katika vyumba: ikisiri, utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala na hitimisho. Jarida la kihandisi la leo hudai vyumba hivyo, na mwandishi mgeni hudhani kwamba inampasa aviandike kwa mfuatano huo huo. Waandishi wazoefu hufanya vingine. Huanza na michoro na majedwali, kwa kuwa humo ndimo lilimo dai lenyewe. Kisha huandika mbinu wakati kumbukumbu za maabara zingali mbichi. Hufuata matokeo na mjadala. Utangulizi huja baadaye, na ikisiri huandikwa mwisho ingawa husomwa mwanzo.

Utangulizi ndio chumba kinachowashinda wengi. John Swales, katika kitabu chake Genre Analysis cha mwaka 1990, alionyesha kwamba utangulizi wa makala za utafiti huwa na hatua tatu: mwandishi huonyesha uwanja wa mada, huonyesha pengo lililomo, kisha hueleza jinsi makala yake inavyoliziba. Mwanafunzi aliyelelewa katika insha za shule huona hatua ya pili kuwa ni utovu wa adabu, kana kwamba kusema wenzake wameacha pengo ni kuwatukana. Kwa hiyo hujaza kurasa tatu kwa historia ya saruji tangu Warumi, na mhakiki anafika ukurasa wa nne hajui makala imeandikwa kwa nini. Kuonyesha pengo si kuwadharau waliotangulia. Ni kutaja mahali walipoishia.

Nyakati za vitenzi na uzito wa dai

Mfano mmoja kutoka Tanzania unaonyesha jambo hili vizuri kuliko kanuni nyingi. Mwaka 1969 jarida la Physics Education lilichapisha makala fupi yenye kichwa cha neno moja, Cool?, iliyoandikwa na Erasto Mpemba na Denis Osborne. Si makala ya kihandisi, lakini somo lake ni la kila anayepima joto, mzigo au mkondo wa umeme. Mpemba anasimulia humo kwamba mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na kuachwa yapoe. Siku moja, kwa kuhofia kukosa nafasi katika jokofu, aliingiza maziwa yake yangali moto, wakati mmoja na mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu hivi, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake yalikuwa bado kimiminika kizito. Mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, huko Mkwawa mjini Iringa, alipolisisitiza jambo lile, aliambiwa kwamba fizikia hiyo ni ya Mpemba mwenyewe, wala si ile ijulikanayo ulimwenguni.

Tusi lile, kwa mwanaisimu, lina ukweli mdogo ndani yake, ingawa aliyelitamka hakuukusudia. Kiswahili kina viambishi viwili ambavyo mwandishi wa mswada hapaswi kuvichanganya. Maziwa yaliganda: hilo ni tukio, lina siku yake, chombo chake na shahidi wake, na hakuna mwalimu awezaye kulifuta. Maziwa ya moto huganda mapema: hilo ni kanuni, na kanuni haina siku. Mwanafunzi alikuwa na haki kamili juu ya -li-. Safari kutoka -li- hadi hu- ndiyo kazi yote ya utafiti, na walimu wake walikosea kwa kulikana tukio kwa sababu tu hawakuijua kanuni.

Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo cha Dar es Salaam, kilichokuwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, alilichukua swali lile kwa uzito alipoulizwa na Mpemba mbele ya wanafunzi waliocheka. Alimwagiza fundi wa maabara alijaribu. Fundi alileta taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto yaliganda mapema, akaongeza kwamba wangerudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Kauli hiyo inachekesha, lakini kila mwandishi wa mswada na aitafakari anapoamua ni vipimo vipi aviingize katika jedwali na vipi aviache nje.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha katika Scientific Reports makala iliyotilia shaka kuwapo kwa athari hiyo. Walionyesha kwamba tofauti ya sentimita moja hivi katika mahali kipimajoto kilipowekwa yatosha kuzaa matokeo yanayofanana na athari ya Mpemba. Mwandishi chipukizi hudhani kwamba sehemu ya mbinu ni ya kujaza kurasa, na kumbe kimo cha kipimajoto ndani ya chombo, jambo ambalo wengi wangeliona dogo mno kuandikwa, ndicho kilichobeba hoja nzima.

Katika sehemu hiyo ya mbinu Kiswahili kina neema ambayo haijatumiwa ipasavyo. Majarida mengi hupendelea kauli ya kutendwa, nayo Kiswahili huipata kwa urahisi: sampuli zilikaushwa, mzigo uliongezwa. Lakini lugha hii ina pia kauli ya kutendeka, na kati ya hizo mbili ipo tofauti ambayo mhandisi anaihitaji. Mchemraba wa zege uliovunjwa ni ule ambao mtu alikusudia kuuvunja. Uliovunjika ni ule uliofikia kikomo chake. Tuseme mchemraba wenye ubavu wa milimita 150, uliokaa majini siku 28, uliwekwa katika mashine, mzigo ukaongezwa polepole, nao ukavunjika mzigo ulipofikia kilonyutoni 560, yaani takriban nyutoni 24.9 kwa kila milimita ya mraba. Vitenzi vitatu vya kwanza vinaeleza mwenendo wa mtu na ratiba yake, cha mwisho kinaeleza tabia ya zege. Mwandishi akisema ulivunjwa, amemnyang'anya msomaji habari aliyoitafuta.

Hali kadhalika kuna ngazi za uhakika. Matokeo yanaonyesha si sawa na matokeo yanathibitisha. Yaelekea si sawa na yamkini. Na huenda ni dhaifu kuliko zote. Michemraba mitatu haithibitishi kitu. Inaonyesha, na pengine inadokeza tu.

Istilahi

Tatizo la istilahi husemwa mno, mara nyingi na watu ambao hawajafungua kamusi zilizopo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na humo mhandisi atakuta kani, kanieneo na nishati, dhana ambazo mtaani zote huitwa nguvu. Aidha, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina jukumu la kusanifisha istilahi. Maneno yapo, ingawa hayatoshi.

Kigumu zaidi ni neno moja kubeba dhana mbili bila mwandishi kutambua. Chukua usahihi. Vipimo vitano vya mzigo vyaweza kukaribiana sana na bado vyote vikawa mbali na thamani ya kweli, kwa kuwa mizani ina kasoro. Navyo vyaweza kutawanyika huku wastani wake ukiwa karibu na ukweli. Hali zote mbili huelezwa kwa neno usahihi, na mhakiki hana njia ya kujua ni ipi iliyokusudiwa. Wala si lazima kusubiri kamati. Mwandishi aweza kusema katika aya ya kwanza ya mbinu kwamba ukaribiano utatumika kwa vipimo kukaribiana vyenyewe kwa vyenyewe, na usahihi kwa kuwa karibu na thamani ya kweli, kisha asibadilishe hadi mwisho. Neno kosa nalo lina lawama ndani yake, ilhali katika upimaji hata mtu makini kuliko wote hupata tofauti. Hitilafu ya kipimo hulisema jambo hilo bila kumshtaki mtu.

Hapo malezi ya fasihi hugeuka kikwazo. Wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kwamba kurudia neno ni ufukara, na mwandishi hodari huonekana kwa visawe vyake. Katika mswada wa kihandisi ukiandika mgandamizo katika aya moja na shinikizo katika inayofuata, msomaji ataamini umepima vitu viwili.

Jarida la wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam liliwahi kubeba jina la Kiswahili, Uhandisi, huku makala zake zikiandikwa kwa Kiingereza. Hali hiyo yaeleza mengi. Mtafiti wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kupandishwa cheo hana budi kuandika kwa Kiingereza, na si haki kumlaumu. Lakini yule anayechanganya zege lililochunguzwa hasomi Kiingereza cha majaridani. Ajuacho ni ndoo ngapi za maji kwa mfuko mmoja wa saruji, na akiongeza ndoo moja ili zege liwe laini na rahisi kulisukuma, uimara wa nguzo hupungua. Uwiano wa maji na saruji ndio mada ya makala nyingi za aina hii, nao huamuliwa kila asubuhi na watu ambao makala hizo haziwafikii.

Kuhusu upelekaji wenyewe maneno machache yatosha. Mwandishi asome maelekezo ya jarida kabla ya kuandika, si baada. Apeleke mswada kwa jarida moja tu kwa wakati. Vipimo viwe na vizio, na kila mchoro usomeke bila kurejea katika matini. Majibu kwa wahakiki yanahitaji adabu ambayo Kiswahili hakikosi. Mhakiki asipoelewa sentensi, haifai kumwandikia kwamba hakusoma vizuri. Huandikwa kwamba sentensi haikueleza wazi, imebadilishwa, na sasa iko ukurasa fulani. Mhakiki akikosea kweli, huonyeshwa kwa tarakimu.

Lipo zoezi ambalo idara za uhandisi na za Kiswahili zingeweza kulifanya pamoja bila kusubiri sera mpya. Kila mtahiniwa wa shahada ya uzamili katika uhandisi aandike ikisiri ya maneno 250 kwa Kiswahili, na isomwe na watu wawili: mwanaisimu na fundi mwashi. Mwanaisimu atie alama mahali ambapo hu- imeandikwa palipostahili -li-. Fundi naye aulizwe, baada ya kusoma, atatia ndoo ngapi.