Treni za Wafanyakazi Mjini Nairobi

Mwaka 2012 miji miwili mikubwa ya Afrika Mashariki ilianza, kwa tofauti ya wiki mbili tu, kuitazama upya reli yake ya zamani. Tarehe 29 Oktoba treni za abiria wa mjini zilianza safari zake jijini Dar es Salaam, katika njia ya Reli ya Kati na katika ile ya TAZARA. Tarehe 13 Novemba Rais Mwai Kibaki wa Kenya alifungua stesheni mpya ya Syokimau, kiasi cha kilomita 16 kutoka katikati ya Nairobi. Habari za Dar es Salaam zinafahamika kwa wasikilizaji wa mazungumzo haya, maana wako wanaozipanda treni hizo wakiwa katika sare zao kwenda lindoni. Yaliyotokea kwa jirani hayafahamiki sana, na yanastahili kuangaliwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba Nairobi ilikuwa kambi ya reli kabla haijawa mji. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899, ikiwa njiani kwenda Ziwa Victoria. Njia hiyo yenye upana wa mita moja ilijengwa kwa ajili ya kuufikia ukanda wa maziwa na kuteremsha mali bandarini. Aliyeichora hakumfikiria mfanyakazi anayekaa Ruiru au Kikuyu na kutakiwa kazini saa moja na nusu asubuhi. Ndiyo maana hata leo, katika sehemu kubwa, ni njia moja tu: treni mbili zinazoelekeana lazima mojawapo iingie pembeni kwenye stesheni na kungoja nyingine ipite.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli lililokuwa la nchi tatu liligawanywa, na Kenya ikaunda shirika lake mwaka uliofuata. Mabehewa yalizeeka, vichwa vya treni vikapungua, na mizigo ikahamia kwenye malori. Mwaka 2006 Kenya na Uganda ziliikabidhi reli yao kwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2017 mkataba huo ulikwisha kuvunjwa, hata nusu ya muda wake haujafika. Mwenye kukodi hupenda kukamua kuliko kulisha, na reli haikuwa ng'ombe wa kwanza kutendewa hivyo.

Wakati huo wote mji ulikuwa ukipanuka. Treni chache za asubuhi ziliingia Nairobi watu wakiwa wamening'inia milangoni, na wengine wamekaa juu ya paa. Mtu angeuliza kwa nini isiongezwe safari. Jibu lake ni la kiufundi na si gumu. Treni inayovutwa na kichwa ikifika mwisho wa njia, kichwa hicho hukatwa, hupitishwa njia ya pembeni, kisha hufungwa upande wa pili ndipo safari ya kurudi ianze. Dakika zinazopotea hapo, zikijumlishwa na zile za kungojana kwenye njia moja, hula safari nzima. Matokeo yake treni iliyoleta watu mjini asubuhi ilikaa mpaka jioni.

Mwaka 2020 Serikali ya Kenya ilinunua treni 11 za dizeli zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, na mwezi wa Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akazizindua. Hizi zina injini zake zenyewe chini ya mabehewa na chumba cha dereva kila upande. Dereva akifika mwisho wa njia huhama chumba tu, akarudi alikotoka. Wako waliolalamika kwamba nchi inayojitegemea haifai kununua mitumba ya Ulaya, na lalamiko hilo si la kupuuzwa. Lakini reli ya Mallorca nayo ina upana wa mita moja, na treni zinazolingana na upana huo hazipatikani kwa urahisi duniani. Hoja nzito zaidi kuliko umri wa treni ni vipuri: vitatoka wapi, na fundi gani wa Nairobi atafunzwa kuzitengeneza.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuharakisha. Reli mpya ya kisasa kutoka Mombasa, yenye upana wa milimita 1,435, ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, nayo haikuingia katikati ya mji. Ilikomea Syokimau. Abiria aliyesafiri haraka kutoka pwani aliteremka nje ya mji na kukuta msongamano wa magari unamngoja. Reli ya zamani, iliyodhaniwa kuwa imepitwa na wakati, ndiyo iliyopewa kazi ya kumfikisha mjini. Mtoto alizaliwa mwenye mbio, lakini mlango wa nyumba ukabaki mikononi mwa bibi.

Ndugu wasikilizaji, kuna jambo moja ambalo askari watalisikia kwa namna ya pekee. Njia ya kutoka Nairobi kupitia Thika hadi Nanyuki, ina urefu wa zaidi ya kilomita 200, na sehemu yake ya kutoka Thika hadi Nanyuki ilikuwa imelala kwa miaka mingi. Mwaka 2020 ilifufuliwa, na waliofanya kazi hiyo pamoja na Shirika la Reli la Kenya walikuwa wahandisi wa Majeshi ya Ulinzi na vijana wa Huduma ya Taifa. Treni zikarudi Nanyuki mwaka huo huo. Askari mhandisi anayejenga daraja la vita ana ujuzi ule ule unaotakiwa kwenye daraja la reli. Hata hivyo jeshi hufanya kazi na kuondoka. Mkaguzi wa kupita juu ya mataruma kila siku lazima awe mtu wa reli, naye alipwe mshahara.

Kwa upande wa polisi, somo liko Kibera. Reli inayokwenda magharibi inapita katikati ya mtaa huo wa mabanda, na kwa miaka mingi nyumba na genge za biashara zilisogea mpaka kwenye vyuma vyenyewe. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana waling'oa reli hiyo Januari 2008. Treni za mizigo zikasimama, na Uganda, ambayo mafuta yake yalipitia Kenya, ikaonja upungufu. Mtaa mmoja wa maskini ulifunga mlango wa nchi nyingine.

Baadaye ukaanza mpango uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, wa kuwajengea nyumba na vibanda vya biashara waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi ya reli, ili wahame kando bila kutupwa mbali. Mpango huo ulikwenda polepole na ulikuwa na manung'uniko yake. Lakini polisi aliyetumwa kulinda kilomita za reli usiku, mbele ya watu waliobomolewa bila kupewa pa kwenda, anajua hesabu ya njia ile nyingine. Mama anayeuza nyanya hatua tatu kutoka kwenye reli, akiwa na kibanda chake halali, humwona mwizi wa vyuma mapema kuliko doria.

Mwezi wa Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua ujenzi wa mji mpya wa reli kuzunguka Stesheni Kuu ya Nairobi, katika eneo la ekari 425, kwa ushirikiano na Uingereza. Michoro yake inapendeza. Lakini treni ya mizigo na treni ya wafanyakazi bado zinagombea njia ile ile moja ya zamani, na katika makutano mengi ya reli na barabara dereva wa treni bado anategemea honi. Huko Ruiru, abiria wa treni ya jioni hawatauliza stesheni kuu itakuwa na ghorofa ngapi. Watauliza kama njia ya pili ya reli imekwisha kutandikwa.