Vyama Vingi na Muhtasari wa Mkutano wa Kijiji: Uzoefu wa Mbulu na Hanang

Mada kwa semina ya watendaji wa vijiji, Katesh



Nimeombwa nieleze nchi zilivyotoka kwenye chama kimoja. Nchini Polandi, serikali na chama cha wafanyakazi cha Solidarność walikaa meza moja mwaka 1989, wananchi wakapiga kura tarehe 4 Juni, na Mei 1990 wakachagua halmashauri za ngazi ya chini. Kwetu Tanzania, Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta wengi bado wanataka chama kimoja, lakini ikapendekeza vyama vingi, vikaruhusiwa Julai 1992.

Huku kwetu mabadiliko hayo yamepimwa kwa ardhi. NAFCO, shirika la kilimo la serikali, ilishachukua malisho ya wafugaji Wabarabaig kule Basotu, Hanang, ilime ngano, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi ambao wanakijiji wa Mulbadaw waliupata dhidi yake Mahakama Kuu. Mwaka 1992, mwaka uleule wa vyama vingi, Bunge likapitisha sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa kwa Operesheni Vijiji. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wa Kambi ya Simba, wakati huo Wilaya ya Mbulu, wakaipinga. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Nyalali yuleyule, ikatamka kuwa haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inadai ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kabla ya kugawa ardhi. Hapo ndipo ninapopigana miaka yote: kwenye muhtasari wa mkutano unaoonyesha ridhaa hiyo. Ukiomba kuuona, unaletewa kopi. Mahudhurio yameandikwa kwenye karatasi ya pembeni isiyo na tarehe, majina mengi, mwandiko mmoja, kalamu moja, pamoja na sahihi za wazee ambao siku hiyo walikuwa mbali na mifugo. Nimeandika barua, nikajibiwa suala linashughulikiwa. Sitaji kijiji wala ofisi, na miongozo ya Serikali naiheshimu. Lakini mwenyekiti tunamchagua kila miaka mitano, ilhali karatasi hiyo inaondoa malisho milele.

Napendekeza mahudhurio yaandikwe kwenye daftari lenye kurasa zenye namba, kila mtu asaini mwenyewe au aweke dole gumba. Muhtasari usomwe mbele ya wananchi kabla ya kupelekwa wilayani. Mkutano wa ardhi utangazwe mnadani na kwenye nyumba za ibada, usiitishwe wakati mifugo imehamishwa. Akina mama waitwe kwa nafasi yao, wasihesabiwe kupitia waume zao. Chama chochote kisishike daftari hilo. Afisa ardhi asipokee kopi. Narudia, asipokee kopi, hata ikiwa na mhuri. Na vijiji vilivyokwisha kugawa ardhi vilete daftari halisi kwenye Mkutano Mkuu ujao, kabla trekta hazijaingia malishoni.